Historia ya Hospitali ya Taifa Muhimbili: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila anayeishi Dar es Salaam ana kisa chake cha Muhimbili. Wengine walizaliwa pale, wengine walimzika mtu wao kutokea pale, na wengi wamesimama getini na hotipoti mkononi wakisubiri saa ya kuona wagonjwa ifike. Lakini ukiuliza hospitali hii ilitoka wapi, majibu yanapishana. Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo watu huyarudia: wanafunzi, wauguzi wapya, ndugu wa wagonjwa, na wazee wanaotaka kujua kama kumbukumbu zao ziko sawa. Yamepewa namba ili swali moja liweze kukuelekeza kwenye lingine.

## Mwanzo wake

1. Muhimbili ilianza mwaka gani?

Historia ya Muhimbili huhesabiwa kuanzia 1897, ilipofunguliwa Hospitali ya Sewa Haji mjini Dar es Salaam, wakati wa utawala wa Wajerumani. Haikuwa Upanga, na haikuitwa Muhimbili. Majengo ya Upanga ni ya miaka ya 1950. Kwa hiyo mtu akisema hospitali ni ya 1897 yuko sahihi kwa ukoo wake, na anayesema ni ya 1956 yuko sahihi kwa mahali ilipo sasa.

Mimi nashikilia 1897. Hospitali ni wagonjwa wake, watumishi wake na kazi yake, na hivyo ndivyo vilivyohama kutoka jengo la zamani kwenda jipya.

2. Sewa Haji alikuwa nani?

Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, aliyezaliwa Bagamoyo mwaka 1851. Ukoo wake ulitoka Kutch, magharibi mwa India. Utajiri wake ulitokana na misafara ya bara: alitafuta wapagazi, akauza nguo, shanga na vyakula vya safari, na akanunua pembe za ndovu zilizorudi pwani. Wazungu wengi waliotaka kuingia bara wakati ule, akiwemo Stanley, walipitia kwake kwa mahitaji ya msafara.

Anakumbukwa zaidi kwa namna alivyozitumia fedha zake. Bagamoyo aliwapa Wajerumani jengo la shule kwa sharti kwamba lipokee watoto wa rangi na dini zote. Sharti hilo, kwa zama zile za kubaguana, lilikuwa zito kuliko jengo lenyewe. Dar es Salaam alitoa fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Wahindi, watu ambao serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kuwajengea. Alifariki Zanzibar Februari 1897 akiwa na umri wa miaka 46, mwaka uleule ambao hospitali yenye jina lake inahesabiwa kuanza.

Hatuna budi kusema pia kwamba mali ile ilitoka katika biashara ya misafara, na migongo iliyobeba pembe zile ilikuwa ya watu maskini. Hospitali haifuti hilo. Lakini matajiri wa misafara walikuwa wengi, na waliojenga hospitali ya umma wanahesabika kwenye vidole.

3. Hospitali ya kwanza ya Sewa Haji ilikuwa wapi?

Ilikuwa katikati ya mji wa zamani, upande wa stesheni ya reli. Jengo lenyewe halipo tena. Kilichobaki ni jina, ambalo lilihamia Upanga pamoja na wagonjwa; tazama swali la 8.

4. Kati ya Ocean Road na Muhimbili, ipi ni ya zamani zaidi?

Zote mbili zinarudi hadi 1897, na hapo ndipo watu huchanganya. Tofauti yao haikuwa umri, ilikuwa rangi ya ngozi. Hospitali ya Ocean Road, ile ya ufukweni karibu na Ikulu, ilijengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu. Sewa Haji ilikuwa ya Waafrika na Wahindi. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliurithi mpango huo na kuuendeleza. Ocean Road ilipata upepo wa bahari na nafasi. Sewa Haji ilipata msongamano.

Baada ya uhuru ubaguzi huo ulikoma na Ocean Road ikafunguliwa kwa wote. Kwa miaka mingi ilikuwa hospitali ya wazazi, na ndiyo maana watu wengi wa makamo wa Dar wanasema wamezaliwa Ocean Road. Kuanzia miaka ya 1980 ikageukia matibabu ya saratani chini ya Muhimbili, na mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea: Taasisi ya Saratani Ocean Road. Barabara iliyoipa jina sasa inaitwa Barack Obama, lakini hospitali imebaki na jina lake.

5. Ni kweli Robert Koch aliwahi kufanya kazi Muhimbili?

Hapana, ila swali lina chanzo chake. Koch, yule daktari Mjerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria na magonjwa mengine ya nchi za joto. Kazi yake ilihusiana na serikali ya kikoloni na huduma zake za tiba, si na hospitali ya Sewa Haji. Kwa hiyo tuseme alifanya kazi Dar es Salaam, tuishie hapo.

6. Kwa nini wazee wanaiita Princess Margaret?

Kwa sababu lilikuwa jina lake halisi. Kufikia miaka ya 1950 Sewa Haji ilikuwa imezidiwa na mji, na serikali ya Waingereza ikajenga hospitali mpya Upanga. Mwaka 1956 Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth II, alitembelea Tanganyika, na hospitali ikapewa jina lake. Jina hilo halikudumu sana: miaka saba tu. Lakini lilikuwa jina la hospitali katika miaka ya vuguvugu la TANU na ya uhuru wenyewe, na vitu vya miaka ile havisahauliki upesi. Bibi akikwambia alijifungua mtoto wake wa kwanza Princess Margaret, anazungumzia eneo lilelile unalolijua.

7. Imekuwa na majina mangapi?

Hospitali ya Sewa Haji kuanzia 1897. Princess Margaret kuanzia 1956. Muhimbili kuanzia 1963, kwa jina la eneo lenyewe. Muhimbili Medical Centre kuanzia 1976. Na Hospitali ya Taifa Muhimbili tangu 2000. Sababu za mabadiliko ya 1976 na 2000 ziko kwenye swali la 11.

Ukiyatazama majina haya kwa mfuatano, unaiona nchi ikipita: mfadhili wa pwani, binti wa mfalme wa ng'ambo, kisha jina la mahali pa wenyeji. Nafurahi kwamba mwaka 1963 hakutafutwa jina la mwanasiasa.

8. Majina ya majengo kama Sewahaji na Kibasila yametoka wapi?

Ukimuuliza mtu wa Dar mgonjwa wake amelazwa wapi, hatakwambia "jengo la upasuaji." Atakwambia "Sewahaji," au "Kibasila," au "Mwaisela," au "Wazazi." Majengo haya ni dira ya hospitali nzima, na mgeni asiyeyajua huzunguka mpaka saa ya kuona wagonjwa inakwisha.

Sewahaji ni kumbukumbu ya mfadhili wa swali la 2. Kibasila ni jina la mmoja wa viongozi wa Uzaramo wa wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, jina ambalo limepewa pia shule ya sekondari ya Chang'ombe. Kwa hiyo ndani ya ua mmoja kuna jengo la tajiri aliyefanya kazi na Wajerumani na jengo la mtu wa vita dhidi yao. Wagonjwa hulazwa humo bila kujua, na ingefaa pawepo angalau kibao ukutani cha kuwaeleza.

## Uhuru, madaktari na chuo

9. Wakati wa uhuru tulikuwa na madaktari wangapi?

Idadi inayotajwa siku zote ni Watanganyika 12 mwaka 1961, kwa nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 9. Madaktari wengine wote walikuwa wageni, na wengi wao walikuwa wakijiandaa kuondoka. Ukitaka kuielewa Muhimbili ya miaka ya 1960, anza na namba hiyo. Majengo ya Upanga yalikuwa mapya na vitanda vilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama pembeni ya kitanda akajua la kufanya.

10. Chuo cha udaktari kilianza lini?

Mwaka 1963 ilianzishwa Shule ya Tiba ya Dar es Salaam papo hapo hospitalini. Mwaka 1968 ikawa Kitivo cha Tiba cha chuo kikuu. Kabla ya hapo Mtanganyika aliyetaka kuwa daktari ilimbidi aende Makerere, au Ulaya, au India.

Kuanzia hapo chuo kilipitia hatua kadhaa: mwaka 1991 kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Sayansi za Afya Muhimbili, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Kwa miongo kadhaa karibu kila daktari aliyesomea Tanzania alikuwa amepita kwenye wodi hizi. Daktari wa wilaya unayemkuta Tunduru au Kasulu, hasa kama ana mvi, inawezekana sana alichoma sindano yake ya kwanza pale Upanga.

11. MNH, MOI, MUHAS na JKCI ni kitu kimoja au ni vitu vinne?

Ni vinne, katika eneo moja, na kila kimoja kina uongozi wake. Hili ndilo swali linalowasumbua watu kuliko yote, kwa sababu mgonjwa huambiwa "nenda dirisha lile" kumbe dirisha lile ni la taasisi nyingine yenye kadi yake na malipo yake.

Mwaka 1976 hospitali na Kitivo cha Tiba viliunganishwa kuwa shirika moja, Muhimbili Medical Centre, ili kufundisha na kutibu kuwe chini ya paa moja. Wazo lilikuwa zuri. Kwa vitendo, chuo na hospitali vilikuwa na mahitaji tofauti na mfuko mmoja, tena katika miaka ambayo uchumi wa nchi ulikuwa unayumba vibaya. Mwaka 2000 sheria ikavitenganisha tena: hospitali ikawa Hospitali ya Taifa Muhimbili, yaani MNH, na chuo kikabaki upande wake.

Kabla ya hapo, mwaka 1996, Bunge lilikuwa limeshatunga sheria ya kuanzisha MOI, Taasisi ya Mifupa, ambayo pia inashughulikia upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. Watoto wenye kichwa kikubwa na mgongo wazi hupelekwa huko. Majeruhi wa bodaboda nao hupelekwa huko, na tangu pikipiki ziruhusiwe kubeba abiria wodi za MOI hazijapumzika. Mwaka 2015 kitengo cha moyo kilichokuwa ndani ya Muhimbili kikawa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI.

Kwa hiyo MNH ni hospitali, MOI ni mifupa na ubongo, JKCI ni moyo, MUHAS ni chuo. Mtu wako akihamishwa kutoka moja kwenda nyingine, uliza mapema kuhusu kadi na malipo, usifikiri vinafuatana vyenyewe.

## Fedha: nani alilipa, nani hakulipa

12. Ni kweli zamani matibabu Muhimbili yalikuwa bure?

Ndiyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure kwa sera, na hali hiyo ilidumu hadi 1993, uchangiaji wa gharama ulipoanza kwa awamu, hospitali kubwa zikitangulia.

Wanaoikumbuka miaka ile wana kumbukumbu mbili ambazo zote ni za kweli. Ya kwanza ni kwamba hukuulizwa pesa mlangoni. Ya pili ni kwamba kufikia miaka ya 1980 uliingia bure ukakuta hamna dawa, shuka hakuna, na sindano unaambiwa ukanunue nje. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hazikuwepo, na hospitali ya taifa iliishi kwa hali hiyo. Anayesema "zamani ilikuwa bure" na anayesema "zamani hakukuwa na kitu" hawana haja ya kugombana.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Katika miaka ya 1970 serikali iliamua kwa makusudi kupeleka nguvu vijijini: zahanati, vituo vya afya, waganga wasaidizi, chanjo. Hospitali kubwa ya mjini haikuwa kipaumbele. Naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki, kwa sababu mtoto wa Mpwapwa anayeharisha hahitaji daktari bingwa wa Upanga, anahitaji mtu mwenye chumvi na sukari karibu na kwao. Lakini Muhimbili ililipa gharama ya uamuzi huo kwa miaka mingi.

13. Baada ya 1993, asiye na pesa alifanywaje?

Chini ya uchangiaji yaliwekwa makundi ya msamaha: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu. Asiye kwenye makundi hayo na hana kitu hupitia ofisi ya ustawi wa jamii iliyo hospitalini, ambako afisa humhoji yeye au ndugu zake na kupendekeza msamaha.

Ofisi hii ni ya kuifahamu mapema. Watu wengi huijua siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafika mamilioni. Ukiona tangu siku ya kulazwa kwamba hamtaweza, nendeni ustawi wa jamii siku hiyohiyo, na barua ya serikali ya mtaa husaidia. Kuhusu maiti kuzuiwa mochwari kwa deni, serikali imetamka zaidi ya mara moja kwamba jambo hilo lisifanyike. Deni litafutiwe utaratibu, familia izike.

Bima nayo ilikuja taratibu. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa 1999 na mfuko ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa umma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Mimi naitazama historia yote ya Muhimbili kwa swali moja: nani anaruhusiwa kupita mlangoni? Wakati wa ukoloni jibu lilikuwa rangi. Tangu 1993 jibu ni pesa, na kazi ya kulibadilisha bado haijaisha.

14. Ni kweli hospitali binafsi ziliwahi kupigwa marufuku?

Sheria ya 1977 ilizuia huduma za tiba za kibiashara. Hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Mwaka 1991 milango ikafunguliwa tena. Kwa Muhimbili maana yake ni kwamba kwa takribani miaka 14 mwenye nacho na asiye nacho wa Dar walikaa benchi moja, na baada ya hapo wenye nacho wakawa na pa kwenda kwingine, pamoja na baadhi ya madaktari.

## Nyakati ngumu

15. Ni maafa gani makubwa ambayo Muhimbili imeyabeba?

Ni mengi, ila mawili hutajwa zaidi.

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, ambao wakati ule ulikuwa upande wa Oysterbay. Watu 11 walifariki Dar es Salaam na makumi walijeruhiwa, na majeruhi wengi walikimbizwa Muhimbili. Nairobi walioumia walikuwa wengi zaidi, kwa hiyo siku ile dunia ilitazama Kenya. Waliokuwa zamu Muhimbili wanaikumbuka kwa namna yao.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Walioungua sana walisafirishwa hadi Muhimbili, na kwa siku kadhaa taarifa za vifo ziliendelea kutoka wodini, mmoja baada ya mwingine. Mgonjwa wa moto hafi siku ya ajali tu. Hufa siku ya tano, ya nane, ndugu wakiwa wameanza kupata matumaini. Kazi ya wauguzi wa wodi ile katika mwezi ule inastahili kuandikwa vizuri kuliko ilivyoandikwa.

16. Mgomo wa madaktari wa 2012 ulisababishwa na nini?

Ulianzia kwa madaktari walio mafunzoni, wale wa "interni," waliokuwa wakidai posho zao. Mwanzoni mwa Januari 2012 wale wa Muhimbili walitawanywa kupelekwa hospitali nyingine, na wenzao wakaungana nao. Madai yakapanuka: mishahara, nyumba, posho ya mazingira hatarishi, na vifaa vya kazi. Februari, Katibu Mkuu wa Wizara ya Afya na Mganga Mkuu wa Serikali walisimamishwa kazi na mgomo ukapoa. Juni ukawaka tena.

Wagonjwa waliumia, na hakuna namna ya kulipamba hilo. Lakini asomaye madai yale ataona kwamba mengi yalihusu mgonjwa mwenyewe: mashine zisizofanya kazi, dawa zisizokuwepo, watu kulala chini. Miaka mitatu baadaye Rais aliyakuta mambo yaleyale kwa macho yake.

17. Magufuli alikuta nini alipokwenda Muhimbili ghafla?

Ilikuwa tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa. Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, wengine wawili wawili kitandani, na mashine za MRI na CT scan zimeharibika huku vipimo hivyo vikipatikana kwenye hospitali binafsi kwa bei ya juu. Alimwondoa kaimu mkurugenzi, akaivunja bodi, na akaagiza mashine zitengenezwe. Siku chache baadaye fedha zilizokuwa zimechangwa kwa hafla ya wabunge Dodoma zikaelekezwa kununua vitanda na magodoro, vikaja Muhimbili.

Watu bado wanabishana kama ziara ya aina ile hutibu ugonjwa au dalili. Vitanda vilikuja kweli, na aliyekuwa sakafuni alilala kitandani. Msongamano wenyewe, hata hivyo, hauondolewi na vitanda vya hospitali moja; tazama swali la 21.

18. Kisa cha mgonjwa wa goti kupasuliwa kichwa kilitokea kweli?

Kilitokea kweli, Novemba 2007, MOI. Wagonjwa wawili walioshabihiana jina la kwanza walibadilishwa: wa kichwa akapasuliwa goti, wa goti akapasuliwa kichwa. Kisa hiki huletwa kama mzaha mitandaoni, na hakistahili. Kilichokosekana ni jambo dogo kabisa: mtu wa kusoma majina yote ya mgonjwa, namba ya faili na sehemu ya upasuaji kwa sauti kabla ya kisu. Ukimpeleka mtu wako kupasuliwa popote, una haki ya kuuliza hilo limefanyika.

## Hatua mpya na mipaka ya Muhimbili

19. Ni huduma zipi mpya zilizobadilisha hospitali?

Kwa mgonjwa wa kawaida, kubwa kuliko zote ni idara ya dharura iliyofunguliwa Januari 2010 kwa msaada wa Abbott Fund, ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini. Kabla yake mgonjwa mahututi alipokelewa na kusukumwa wodini, tiba ikaanzia huko. Sasa tiba inaanzia mlangoni, na MUHAS ikaanza kufundisha madaktari bingwa wa dharura.

Februari 2011 ilifunguliwa kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya heroini, kwa waathirika wa dawa hiyo ya kulevya. Kila asubuhi wanafika, wanakunywa dozi mbele ya mhudumu, wanaondoka kwenda kwenye shughuli zao. Vijana ambao mitaa ya Kinondoni na Temeke ilishawakatia tamaa wamerudi kwenye familia zao kwa kikombe kile. Naiona ni moja ya kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa hapa, na ndiyo inayotajwa kidogo.

Upasuaji wa moyo wa kufungua kifua ulianza 2008. Mwaka 2017, Juni, vilipandikizwa vifaa vya usikivu, na Novemba ukafanyika upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India. Kabla ya hapo wagonjwa hao walikuwa wakipelekwa India kwa gharama kubwa, na wengi foleni iliwashinda.

20. Mloganzila ni Muhimbili?

Ndiyo. Ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini kama hospitali ya kufundishia ya MUHAS, upande wa Barabara ya Morogoro nje kidogo ya jiji, na ikaanza kazi mwishoni mwa 2017. Oktoba 2018 ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Siku hizi husemwa Muhimbili Upanga na Muhimbili Mloganzila. Kabla ya kupanda gari, hakikisha kadi yako inasema ipi. Umbali kati yake si wa kurudi kwa miguu.

21. Amana, Temeke na Mwananyamala ni matawi ya Muhimbili?

Hapana. Ni hospitali zinazojitegemea, zilizokuwa za manispaa na kupandishwa hadhi kuwa hospitali za rufaa za mkoa mwaka 2010. Uhusiano wao na Muhimbili ni wa rufaa, na ndio unaoamua kama Muhimbili itapumua. Mjamzito asiye na tatizo akihudumiwa vizuri Amana, kitanda cha Upanga kinabaki kwa mwenye kifafa cha mimba.

22. Na KCMC, Bugando na Mnazi Mmoja?

KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zilifunguliwa 1971 na ni hospitali za rufaa za kanda. Kabla yake, mgonjwa wa Bukoba au Arusha aliyeshindikana alisafirishwa mpaka Dar. Mnazi Mmoja ya Unguja ina historia yake kabisa na iko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

23. Naweza kwenda Muhimbili moja kwa moja bila rufaa?

Kwa dharura ndiyo, usisubiri karatasi. Kwa mengine, utaratibu ni zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, kisha taifa. Ukiruka ngazi utakuta foleni ndefu na gharama tofauti, na bima inaweza kukataa.

24. Nilizaliwa Princess Margaret (au Ocean Road) na sina cheti. Nianzie wapi?

Hospitali hutoa tangazo la kizazi. Cheti chenyewe hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama tangazo lilipotea zamani, usianze kwa kuzunguka Upanga ukitafuta faili la mama yako. Kusanya kwanza ulichonacho nyumbani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi, barua ya serikali ya mtaa, na jina kamili la mama kama alivyojiandikisha wakati ule, hata kama baadaye alitumia jina la mume. Kisha nenda RITA, au ofisi ya Mkuu wa Wilaya uliyozaliwa, na ueleze kwamba hospitali ilikuwa ikiitwa hivyo wakati huo. Jina la zamani kwenye karatasi si kosa, kwa hiyo usimruhusu mtu alifute na kuandika Muhimbili juu yake.